Msalaba wa Msumari

Kila nikiachia mafuta, pikipiki ya marehemu baba inazima.

"Kaka alipenda mwendo," baba mdogo alisema msibani, na ukoo mzima ukatikisa vichwa. Mwendo gani! Baba aliingia kona ya Akheri, pale alipofia, bila kupunguza kwa sababu akipunguza tu, injini inakufa.

Nikaiwasha tena, nikadondosha petroli kidogo pale kabureta inapoungana na injini. Mngurumo ukatulia. Basi hewa inapenya hapo.

Nikaifungua. Kabureta haikuwa ya saizi yake, na mwanya ulikuwa umezibwa kwa kipande cha boksi la sabuni.

Nikaigeuza kutafuta alama. Enzi za uhaba, baba alichora msalaba kwa msumari kwenye kila kipuri, ili mafundi wasimbadilishie. Siku hizi maduka ya Kaloleni yamejaa kila kitu kutoka nje, isipokuwa vipuri vya pikipiki kuukuu kama hii.

Msalaba haukuwepo.

Getini ikasimama pikipiki ya baba mdogo, pacha wa hii, ikinguruma taratibu kama paka. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa baba. Akabaki amekaa juu yake, akisubiri shikamoo yangu.

Sikumpa. Nilichuchumaa kando ya injini yake, nikafuta tope kwenye kabureta kwa pindo la kanga.

"Ndeshi, unatafuta nini hapo?"

Msalaba ulikuwepo, umepinda kidogo, mkono wa baba kabisa.

"Shuka," nikamwambia.