Mkono wa Muuza Nyama

Ili apate shahada yake ya maabara, Nuswaiba alibakiwa na sharti moja tu: kumtoa mtu damu mbele ya mwalimu. Kemia na biolojia alifaulu vizuri. Lakini kila aliposhika sindano mbele ya mtu, mkono ulimtetemeka, na mtihani ulikuwa kesho.

Baba yake, Mzee Hemedi, akakunja mkono wa shati. Alikuwa na bucha sokoni tangu ujana wake, lakini sindano aliikimbia mpaka uzeeni.

"Jifunzie huu, mama," akasema, akafumba macho na kugeukia ukutani.

"Baba, ng'ombe wote wale, na unaogopa sindano?"

"Ng'ombe anayechinjwa si mimi."

Nuswaiba akacheka. Akamfunga mpira juu ya kiwiko, akaupapasa mshipa, huku akimsemesha polepole kama anayebembeleza mtoto, hata akausahau mkono wake mwenyewe.

"Haya, anza basi," Mzee Hemedi akasema, macho bado kayafumba. "Usiniweke roho juu."

Nuswaiba alikuwa ameshaichomoa sindano. Kichupa kilikwisha kujaa damu, kina joto kiganjani mwake, naye hakuwa na haraka ya kukiweka chini.