Injini Isiyokwama Ugenini

Ndella aliinama juu ya injini nyekundu ya boti, akainusa kama anayenusa samaki wa jana.

"Hii ikifa Banjul, spea zipo?"

"Mama, hii haifi," alisema Gora, mwenye duka.

"Hata ile ya kwanza ulisema haifi. Kweli ulimi hauna mfupa!"

Gora akacheka. Kwenye pwani nzima ya Mbour hakuna wanunuzi wagumu kama wanawake wakaushaji samaki. Mwaka juzi alimuuzia Ndella injini ya bei poa, na rahisi ikavunja upishi. Pathé, mumewe, alikwenda nayo kuvua Bissau, pistoni ikakatika, mji mzima spea hakuna. Akakwama huko miezi minne. Mwaka ule Ndella alikonda, jamani, mpaka watu wakamuuliza kama anaumwa. Sasa ameapa kwamba Pathé hakwami tena popote.

Nhima, mwenzake aliyekuja naye, ndiye aliyekuwa mbishi zaidi. Pesa walizochanga wote wawili alikuwa amezifunga kwenye pindo la kitenge chake, na fundo hilo halikuwa na dalili ya kufunguka.

"Ya buluu je? Conakry spea zake zipo?"

"Conakry... hapo itabidi kuagiza. Wiki tatu, nne hivi."

"Wiki nne!" Nhima aliruka. "Dada, wiki nne Conakry? Si tumekwisha!"

"Tumekwisha kabisa," alisema Ndella.

Gora akahema, akaifunua ya kijivu. Ilikuwa nzito na bei yake imesimama, ila spea zake zinauzwa kuanzia Nouadhibou mpaka Freetown. Hawakumwamini. Ikabidi apige simu kwa wenzake mbele yao, sauti wazi. Nouadhibou wakasema zipo. Conakry wakasema zipo, tena tele. Ndella alisikiliza kila jibu mkono kifuani.

"Nipige na Bissau?"

"Bissau achana nayo," alisema Nhima. "Piga Freetown."

Freetown nako zipo. Hapo ndipo fundo la kitenge likafunguliwa, na Ndella akashusha pumzi kama aliyetua gunia.

Gora aliingiwa na huruma. "Pathé ana bahati," alisema. "Kumbe bahari mnamwogopea hivi!"

"Bahari?" Ndella aliangua kicheko. "Nani kakwambia habari za bahari? Yule anaogelea kuliko samaki."

"Sasa ile miezi minne ilikukondesha nini?"

"Miezi minne haikunikondesha hata kidogo. Nilikonda aliporudi." Akamshika Nhima bega. "Si alirudi na huyu!"

Nhima alijifunga upya kitenge chake, taratibu.

"Sisi tumeshazoeana, kaka," alisema. "Wa Conakry hatumtaki."