Nyaraka Zisizofanana

Skrini ilijibu kwa neno moja: hakuna.

Binti aliandika upya kwenye laptopu aliyoilaza juu ya mkoba wa mama yake, mapajani. Kundi: O hasi. Akabonyeza.

Hakuna.

"Haiwezekani," alimwambia kaka yake. "Tovuti nzima ya wachangiaji damu, asipatikane hata mmoja?"

Nyuma ya mlango wa chumba cha upasuaji, mama yao alikuwa akivuja damu kwa ndani. Damu ya kundi lake ilikuwa imekwisha hospitalini, na wao wawili walichukua ya baba. Muuguzi hakuwaficha: itafuteni popote, na upesi. Mama mwenyewe, wakati anasukumwa kitandani, alijikaza akatabasamu. "Msinikunjie nyuso, wanangu. Leo ni zamu yangu kupokea."

Ghafla jogoo akawika mapajani pa binti. Korido nzima ikageuka. Ilikuwa simu ya mama, ndani ya mkoba. Mlio huo aliuchagua mwenyewe na aligoma katakata kuubadilisha. Kaka akapokea. "Bado, mama mdogo. Tafadhali usipige tena, tutakupigia sisi." Akairudisha mkobani.

Binti akampigia Fundi, mwenzake wa kazini aliyekuwa akimfundisha kuiendesha tovuti hiyo.

"Nakusikia, Malkia wa Majedwali."

"Acha utani. Mama yangu yuko upasuaji. Natafuta kundi lake, inaniambia hakuna."

Sauti ya Fundi ikabadilika. "Pole, dada. Nisikilize. Wewe umezoea hifadhidata ya majedwali. Kule kila safu ina jina, ukikosea inakupigia kelele. Hii haina majedwali. Kila mchangiaji ana waraka wake, na waraka haulazimiki kufanana na mwingine. Ukiulizia jina lisilokuwemo, haikwambii umekosea. Inasema hakuna, basi."

"Kwa hiyo wapo?"

"Huenda wapo. Waliotutangulia kila mmoja aliandika alivyoamka. Huyu kaandika 'kundi', yule 'damu', mwingine anajua mwenyewe. Fungua nyaraka uzione kwa macho."

Binti aliikodolea macho skrini. Watu wazima, wazito, damu inawatembea mwilini, na mashine ilikuwa ikimwapia kwamba hawapo.

Akafungua waraka. "Damu." Akatafuta: hakuna. Akafungua mwingine. "Aina ya damu." Hakuna. Mlango wa upasuaji ukafunguka, daktari akatoa kichwa. Glavu zake zilikuwa nyekundu hadi kwenye vifundo.

"Mmepata?"

"Anatafuta," kaka alijibu.

"Muda hatuna." Mlango ukafungwa.

"Dada, fanya hima!"

"Unanipigia kelele ya nini? Njoo uandike wewe!"

Kaka akauma kidole.

Waraka uliofuata ulikuwa wa zamani, na hapo binti akaliona kosa lake jingine. Aliyeuandika hakuandika "hasi" bali alama ya kutoa. Binti akakusanya yote kwa pamoja: majina yote matatu, neno na alama. Akabonyeza, akafumba macho.

"Yupo!" kaka aliruka. "Dada, yupo mmoja!"

Wachangiaji walijiandikisha kwa majina ya utani, na huyu alijiita Chemchemi. Kundi lenyewe. Afya njema, ametoa mara nyingi. Binti akasoma mstari wa mtaa, akausoma tena, machozi yakamlengalenga.

"Kaka, anaishi mtaa wetu. Yuko mlangoni kwetu kabisa!"

Chini, mtu huyo alikuwa ameongeza maneno yake, ambayo waraka mwingine wowote haukuwa nayo: Nipigieni saa yoyote. Hata kwa miguu nitakuja.

Muuguzi hakungoja kuambiwa. Aliinyakua laptopu, akaiweka juu ya meza yake karibu na simu ya hospitali, akabonyeza namba huku akiisoma kwenye skrini. Binti aliukumbatia mkoba wa mama kwa mikono miwili. Kaka akamshika bega. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, walipumua pamoja.

"Inaita," alisema muuguzi.

Ndani ya mkoba, jogoo akawika.