Jiwe la Bi Zamoyoni

Taa ziliwaka, honi ikalia, wipa zikafuta. Ilibaki breki ya mkono, iliyomwangusha Bi Zamoyoni kwenye ukaguzi mara mbili, na ambayo fundi ameitengeneza jana. Leo ikishindwa tena, pikapu yake ya maziwa inakwenda kuuzwa chuma chakavu.

Akaipandisha kwenye mwinuko, akavuta breki, akashuka na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, kama alivyozoea miaka tisa.

"Jiwe ondoa, mama," mkaguzi akasema.

"Basi sogea, mwanangu, isije ikakukanyaga!"

Akaliondoa, akafumba macho. Alipofumbua, pikapu imetulia tuli palepale.

"Imepita! Jiwe sasa litupe."

"Nimtupe mwenzangu?"

Akaliketisha kwenye kiti cha abiria, akalifunga mkanda, wakateremka mjini huku akipiga vigelegele dirishani.