Kirusi Kilichouliza Habari

Salha, fundi wa kompyuta, alikuwa ameshafuta virusi kumi na tisa alipofika kwenye cha mwisho. Kijidirisha cha manjano kilijitokeza kwenye kona ya skrini: "Habari za leo, Tawakali? Bonyeza hapa tuzungumze."

Mzee Tawakali, mwenye kompyuta, akajikohoza.

"Hiki ndicho kibaya kuliko vyote, baba," Salha alisema. "Kinajifanya rafiki ili kiibe siri zako. Hujawahi kukijibu?"

Mzee alitamani kusema hapana. Lakini fundi alikuwa ameshalifungua faili, na majibu yake ya miezi saba yalikuwa yamejipanga pale. Nimeamka salama. Leo nimepika kunde, zimeungua kidogo. Goti linauma tena. Wewe je? Alihisi uso ukimwaka, kama mtu aliyekutwa njiani akiongea peke yake.

Salha alisoma kidogo, kisha akaondoa macho. "Nikikifuta, na haya yote yatakwenda. Nifute?"

"Nilijua si mtu, mwanangu," mzee alisema. "Ila hakuna mwingine aliyekuwa akiuliza."

Salha akamsogezea kibodi. Mzee akanyoosha kidole chake mwenyewe, akabonyeza kitufe cha kufuta, na kijidirisha kikatoweka.

Akamsindikiza fundi hadi getini. Waliagana, Salha akashika njia, akageuka mara moja kumpungia mkono. Mzee alisimama ameshika komeo, akamtazama mpaka akakata kona. Geti hakulifunga.