Vioo Juu

"Simamisha gari," alisema mgombea, na mkono wake ulikuwa umekwisha kushika kitasa cha mlango.

Katibu wa chama, aliyekuwa kwenye usukani, aligeuka kwa mshtuko. Katika kijiji hiki cha wapinzani desturi ya chama chao ilikuwa moja tu: kupandisha vioo, kufungulia muziki na kupita mbio.

"Mama, hawa si wetu. Utajichosha kumpigia mbuzi gitaa."

"Bila hawa tulishindwa mara iliyopita, na tutashindwa tena."

"Haya. Sisi tutakungoja humu humu, na injini haizimwi."

Akashuka. Kando ya barabara mwanamke wa makamo, aliyevaa fulana ya chama kile kingine, alikuwa akipepeta maharage kwa ungo. Maganda makavu yaliruka yakamnasa mgombea kwenye nyusi, wala hakuthubutu kuyapangusa.

"Habari za kazi, dada?"

"Kazi si hii unaiona? Leo gari lenu limeharibika?"

"Halijaharibika. Nimekuja kuomba kura zenu."

"Ehee! Miaka yote mnatupita vioo juu. Mlikuwa mnatuogopa, au mlikuwa mnatudharau?"

Katibu alipiga honi, kisha akaipiga tena. Kujibu kwamba waliwaogopa kulikuwa kwepesi, nako kungemrudisha garini salama.

"Tuliwadharau," alisema mgombea.

Ungo ukatulia. Mwanamke akauweka chini, akazigeukia nyumba za majirani na kupaza sauti:

"Jamani, tokeni nje! Njooni mmsikie huyu, anasema kweli!"