Kujipanga Upya

Mezani palikuwa na glasi moja tu ya maji, nayo iliwekwa mbele yake. Meneja aliiona, akaisogeza kando. Aliwahi kuwawekea watu glasi kama hiyo yeye mwenyewe. Huwekewa mtu anayekwenda kuambiwa jambo la kumkausha koo.

Upande wa pili walikaa watatu. Mwanasheria, aliyeitisha kikao, alikuwa amefungua kompyuta. Mhasibu, mwanamke wa miwani, aliinamia simu. Injinia alikuwa anaangalia ukuta. Wote watatu Meneja aliwajua tangu hawajui hata kushika kalamu, na leo ndio hao, wamemkalisha kama mshtakiwa!

"Kwanza tunakushukuru," alianza Mwanasheria. "Kazi uliyoifanya miaka yote hii, hakuna asiyeijua."

Meneja aliujua mwanzo huo. Huanza shukrani, zikafuata sifa, halafu linakuja lile neno.

"Ila mambo yamebadilika, mzee. Tumekaa, tumeona ni wakati wa kujipanga upya."

Lo! Ndilo hilo.

Na aliyelileta ni nani kama si yeye? Alilitoa kwenye semina moja ya hotelini, alikokwenda kula biskuti na kusinzia. Likamganda mdomoni. Kabati likihamishwa, kujipanga upya. Sukari ikipunguzwa kwenye chai, kujipanga upya. Hata nyumbani hakuliacha, mpaka marehemu mkewe akawa anamtania kwamba ipo siku atajipanga upya usingizini, aanguke kitandani. Kisha siku moja akaingia idara ya ufungashaji, akawaandalia watu maji, akalitamka huku anatabasamu. Jioni ile walitoka na mifuko yao mikononi na mlango ukatiwa kufuli. Tangu hapo alijua maana yake halisi: toka, ila usiseme tumekufukuza.

"Semeni tu mnanitoa," alisema.

"Hakuna anayekutoa. Tunajipanga..."

"Wee, hilo neno nalijua kuliko wewe! Kosa langu nini?"

Injinia akakohoa. "Ule moto wa mwezi uliopita. Bila majirani kuuwahi, kila kitu kingeteketea."

"Nilisahau kuzima jiko mara moja tu!"

"Na gharama," Mhasibu akadakia bila kuinua macho. "Mlinzi, umeme, paa lenyewe linavuja. Hatuwezi tena."

Hasira yote ilimtoka Meneja, ikabaki hofu. Aende wapi sasa, umri huu, aanze na nani?

"Basi nihamishieni stoo," alisema. "Sihitaji nafasi kubwa, jamani. Nitakaa kimya, hamtajua hata kama nipo." Aliona aibu kubembeleza vile, mtu aliyekuwa akikohoa tu watu wote wananyamaza.

"Stoo nayo inaondoka," alisema Mwanasheria. "Vyote vinauzwa. Mnunuzi ameshapatikana."

"Mmeshaamua?"

"Tumepiga kura."

"Na mimi sikuwa na kura?"

Meneja aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta jicho lenye huruma. Mhasibu alikuwa amevua miwani, analia. Machozi hayo yalimtisha kuliko maneno yote, maana yeye hakumbuki kama alimlilia mtu yeyote wa ufungashaji.

Mwanasheria akafunga kompyuta, akazunguka meza, akamshika bega.

"Kituo tunachokupeleka ni kizuri, Baba, wazee wenzako wamejaa tele," alisema. "Dada yetu huyu ameshakufungia nguo; nyumba tunaikabidhi kesho asubuhi."